Kigae Cheusi

Mtu wa kwenye video hakuwa na uso. Alikuwa na vigae tu: kimoja cha kahawia, kingine cha kijivu, vitatu vya rangi ya udongo pale ambapo watu wengine huwa na pua. Atuganile alikwisha kuona video za namna hiyo nyingi mno, na hii haikumshtua. Alipiga mwayo, akaiingiza kwenye Pasi, mashine ya kunyoosha picha, akaenda kumimina chai.

Aliporudi, mdogo wake alikuwa anamtazama kutoka kwenye kioo cha mashine.

Si kwamba alifanana naye. Alikuwa yeye hasa, Ambakisye, na lile paji pana la marehemu baba yao, na macho yanayofinyika kama ya mtu aliyebanwa na kicheko kanisani. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala la mbegu la mkoa, kashika dumu mkononi, na nyuma yake moto ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Kikombe hakikumponyoka, hayo ni mambo ya kwenye maigizo. Alikiweka mezani taratibu, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kusitisha, akakuta maandishi ya kijani yamemtangulia: *Imewasilishwa.* Ndivyo sheria ilivyotaka. Video ya ushahidi ikishapigwa pasi inaruka yenyewe hadi polisi, ili fundi asipate nafasi ya kuichezea. Siku sheria hiyo inapitishwa Atuganile alipiga makofi, tena akiwa amesimama.

Ndani ya ghala lile alikuwamo mlinzi, mzee wa watu, aliyelala na asiamke. Kwa hiyo aliyeshika dumu hakuwa mchoma ghala tu. Alikuwa muuaji, na kabla jua halijazama Ambakisye alikamatwa shambani kwake juu ya mlima, udongo wa viazi ungali mikononi.

*

Waliokuwepo wakati wa Kukamuliwa bado wanausimulia kwa uchungu. Setilaiti zilinyamaza moja baada ya nyingine, nchi ikabaki na waya mmoja mwembamba wa mawasiliano na maghala machache ya kutunzia kumbukumbu. Ikatoka amri: kila video, ya serikali na ya mtu binafsi, ikamuliwe mpaka ienee humo. Mashine zikaikata kila picha vipande vidogo vya mraba. Kila kipande kiliruhusiwa kubaki na rangi moja au mbili, mengine yote yakatupwa. Harusi zikawa vigae. Misiba ikawa vigae. Watu wakafungua simu kuwatazama mama zao wakakuta kitu kama sakafu ya bafu inayotembea.

Ndipo Atuganile na wenzake wa kituo cha Mbeya walipoitengeneza Pasi. Jina walilipa watu wenyewe, maana ilinyoosha. Ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kulainisha mipaka, kigae kikutane na kigae bila mshono, na katika hiyo Pasi haikumdhulumu mtu. Ya pili ilikuwa kujaza. Pale ambapo ukamuaji ulimeza kitu kizima, Pasi ilijiuliza mahali kama hapo kwa kawaida huwa na nini, ikakiweka.

Ili ijue kilicho cha kawaida, ilibidi ilishwe video safi ambazo hazijawahi kukamuliwa, na nchi nzima haikuwa nazo. Atuganile alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yake, kazi za baba yake, mpiga video za harusi, ambaye amri ilipotoka aliwaambia maofisa mlangoni, "Harusi za watu si nazi," akafunga mlango.

Sasa harusi za kwao zinajulikana. Mpiga video hupita meza kwa meza, kila mjomba apate zamu yake ya kutafuna mbele ya kamera. Lakini mwenye shughuli ni bwana harusi. Bwana harusi anashuka kwenye gari, kisha anashuka tena polepole, kisha tena kwa upande mwingine. Bwana harusi anafuta jasho. Bwana harusi analishwa keki. Na harusi ambayo mzee yule alimwaga ufundi wake wote ilikuwa ya mwanawe wa kiume wa pekee. Sanduku lile karibu nusu nzima lilikuwa Ambakisye.

Atuganile aliliona hilo. Asingeweza kusema hakuliona. Lakini siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imekaribia, wakubwa walikuwa wanapiga simu, naye akajiambia kwamba sura ya mdogo wake haiwezi kuidhuru nchi. Akailisha Pasi sanduku zima.

*

Chumba cha wageni cha mahabusu kilinuka dawa ya sakafu. Ambakisye alikaa upande wa pili wa wavu, amekonda kidogo, akijaribu kutabasamu.

"Dada, wewe ndiye uliyeitengeneza. Iambie basi, bwana."

"Haisikii, Amba."

"Mbona ilisikia ilipotaka kunitia kamba shingoni?"

Atuganile alishika wavu. Swali alikuwa nalo tangu asubuhi, akalitoa. "Ulikuwepo pale?"

Tabasamu likaondoka.

"Hata wewe?"

"Uligombana na yule mzee. Watu wote wa ghalani walisikia."

"Niligombana naye kwa sababu ya mbegu mbovu, dada. Mtu akigombana anachoma moto? Nilikuwa shambani. Peke yangu. Angekuwepo hata ng'ombe wa jirani ningemleta awe shahidi." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi sikufika pale. Sasa niambie wewe, mwenye mashine. Unaniamini mimi au unaiamini hiyo?"

"Nakuamini wewe," alisema Atuganile, na alimaanisha. Ila alipokuwa anatoka nje alijua kwamba ameamini kama dada anavyoamini, na dada mtu mahakamani si shahidi.

*

Alirudi kituoni, akatengeneza nakala ya Pasi, akamtoa Ambakisye ndani yake. Harusi yote ile, keki, jasho, gari na vyote. Kisha akaipa video ya ghala upya.

Alitokea Lusajo.

Lusajo alikuwa msimamizi wa bwana harusi siku ile, na baada ya bwana harusi hakuna anayepigwa picha kama msimamizi. Alisimama mlangoni mwa ghala na dumu lile lile, moto ule ule, uso wa upole kabisa. Siku hizi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti huko Tunduma, ana watoto wadogo, na baba yao alipofariki ndiye aliyelishika jembe la kwanza kaburini.

Mkurugenzi wa kituo, Bwana Kyando, alikuwa amesimama nyuma ya Atuganile bila kumgusa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na maneno yake mabaya aliyasema kwa sauti ya chini zaidi.

"Hii ndiyo sahihi," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, umeirekebisha. Andika marekebisho, tia saini, mdogo wako jioni yuko nyumbani."

"Huyu naye hakuwepo, mkurugenzi."

"Una uhakika?"

Hakuwa na uhakika. Hapo ndipo palipokuwa panamuua.

"Ukienda kusema Pasi inabuni," aliendelea Kyando, "kila kesi iliyopita mikononi mwetu inafunguliwa upya. Kuna wabakaji watatoka. Kuna wazazi waliozika watoto wao kwa picha zetu. Unataka kuwaambia nini? Fikiri, mama. Mtu mmoja wa Tunduma, nchi nzima ipumzike."

Simu ya Atuganile iliita. Alikuwa wifi yake, Tupokigwe, mke wa Ambakisye, na hakusalimia. "Wifi, nimesikia mnaweza kuirekebisha. Kyando kanipigia mwenyewe. Wifi, nakupigia magoti hapa nilipo, watoto wananitazama. Kama kuna kitufe, kibonyeze."

Kitufe kilikuwepo. Kidole cha Atuganile kilikaa juu yake, na tusimsingizie utakatifu: alikaribia. Aliona jinsi Ambakisye atakavyotoka getini, atakavyowanyanyua watoto wake. Alitaka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kisha akauona tena mkono wa Lusajo kwenye mpini wa jembe, kaburini, mvua ikinyesha, akalia kwa sauti mbele ya bosi wake bila aibu.

Badala ya kutia saini alimtoa Lusajo pia, akarudia. Akatokea mshereheshaji wa harusi, mdomo wazi, kama anayetaka kuwaambia wageni chakula kiko tayari. Akamtoa mshereheshaji. Akatokea mjomba wao wa Kyela, ambaye alikwisha kufariki na asingeweza kuchoma hata kibiriti.

Atuganile alijishika kichwa. Humo ndani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na vigae, na Pasi, mashine yenye adabu iliyofundishwa harusini, haikupenda kumwacha mtu bila uso.

"Hayo uliyofanya sasa hivi," alisema Kyando kwa upole, "wataita kuvuruga mashine." Akamnyang'anya ufunguo wa chumba.

Wakili wa Ambakisye alipoelezwa alisema hivyo hivyo. Dada wa mshtakiwa ameifumua mashine, imetoa upuuzi, nani atashangaa? Ilihitajika video iliyopigwa pasi zamani, kabla ya kesi, na mtu asiye ndugu anayeweza kusimama kizimbani aseme: hiki mlichokiona hakikuwepo.

Atuganile alimjua mtu huyo tangu wakili hajamaliza kusema. Aliomba Mungu amkumbushe mwingine. Hakukuwa na mwingine.

*

Mama Tusekile alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba alipomwona mgeni anakuja. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Watu walimwita bado kwa jina la binti yake, ingawa Tusekile alichukuliwa na maporomoko ya tope pamoja na wenzake wa kwaya ya watoto, na mwili haukuonekana.

Alikuwa amebakiwa na video moja tu. Shangazi mtu aliichukua kwa simu, ikatumwa kundi la ukoo, kundi la ukoo likaituma kanisani, kanisa likaituma mtaani, kila kutumwa inapungua, halafu Kukamuliwa kukaimalizia. Atuganile aliipiga pasi bure. Aliileta mwenyewe, wakaitazama pamoja: msichana wa kama miaka tisa anaimba, anasahau maneno, anacheka, meno meupe yamejipanga vizuri. Mama yule alilia, Atuganile akaondoka akijiona ametenda jambo jema.

"Ndaga, mama," alisalimia.

"Ndaga. Kaa." Mama Tusekile alimtazama usoni, kisu kikasimama katikati ya ndizi. "Nimesikia habari za mdogo wako. Pole sana. Umekuja kuniambia kwamba yule wa kwenye video si Tusekile, au siyo?"

Atuganile alikaa.

"Tusekile alianguka pale kwenye bomba la shule," alisema mama. "Jino la mbele likatoka, na lilikuwa la ukubwani, halikuota tena. Wewe uliniletea mtoto mwenye meno yote. Nilijua siku ile ile. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa, unanitazama, unangoja nifurahi. Ningesemaje, mwanangu?"

"Ungeniambia."

"Ungeichukua."

Kuku mmoja alikuja kudonoa maganda, akafukuzwa.

"Meno yale ni ya nani?"

"Ya mtoto mmoja aliyerusha maua kwenye harusi ya mdogo wangu. Anaitwa Bupe."

"Yuko wapi?"

"Yuko hai, mama. Anasoma chuo Iringa."

Mama Tusekile aliinama, akashika magoti kama mtu aliyepigwa tumboni. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamekauka na makali. "Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikimsalimia mtoto wa watu aliye chuoni. Umenifanyia nini wewe? Niliridhika na vigae vyangu. Vilikuwa vichafu lakini vilikuwa vyangu!"

"Nisamehe, mama."

"Na macho? Macho je ni yake?"

"Sijui."

"Sauti?"

"Sauti ni yake. Pasi haigusi sauti."

Hapo mama alilia, lakini kidogo tu. Aliifuta mikono kwenye khanga ingawa utomvu haufutiki. "Nikisimama huko mahakamani, wataifanya nini video yangu?"

Atuganile angeweza kusema hajui. "Wataitangaza kuwa ya uongo. Zote zitafutwa nchi nzima. Itabaki ile ya zamani."

"Yule mlinzi alikuwa na mke. Ukimtoa mdogo wako, yeye anabaki na nani wa kumlaumu?"

"Na vigae, mama. Hilo ndilo lililopo."

"Ondoka," alisema Mama Tusekile. "Sikujibu leo. Ondoka kabla sijakutukana, na mimi si mtu wa matusi."

*

Siku ya kesi Mama Tusekile hakuwepo. Atuganile aligeuka kutazama mlango mpaka shingo ikamuuma. Wakili alisema, wa serikali akasema, na picha ya Ambakisye na dumu ikawekwa kwenye kioo kikubwa, safi kabisa, hata unywele mmoja mmoja wa nyusi. Ukumbi uliguna. Mjane wa mlinzi, aliyekaa mbele na shuka jeusi, alimkazia macho Ambakisye asimwachie. Tupokigwe alikaa mbali na wifi yake, hakumtupia hata jicho.

Jaji alikuwa mama mtu mzima aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, akiisahau ya kichwani. "Utetezi mna shahidi mwingine? La sivyo nifunge."

"Nipo," ilisema sauti mlangoni.

Mama Tusekile aliingia amevaa kitenge cha msibani, bado ana vumbi la njia. Aliapa kwa Biblia. Video yake ikawekwa. Tusekile akaimba, akasahau maneno, akacheka na meno yake yote.

"Huyu ni mwanao?" aliuliza wakili.

"Sauti ni yake. Uso wamenipa wa mwingine." Akaeleza habari ya bomba na jino bila kupandisha sauti.

Wakili wa serikali alisimama. Alikuwa kijana mstaarabu na hakupenda kazi aliyokuwa anaifanya. "Mama, pole. Lakini mtoto alifariki zamani. Kumbukumbu ya mtu huchoka. Pengine jino lilitoka baada ya siku hiyo ya kuimba? Una chochote zaidi ya maneno?"

Mama alifikiri. "Nionyesheni ile ya zamani. Ambayo haijanyooshwa."

Karani aliitafuta, akaiweka. Kwenye kioo kikubwa vilijaa vigae, vya kahawia, vya njano, vya bluu ya sketi, vikirukaruka. Watu walikunja nyuso kutafuta mtoto wasimwone. Atuganile mwenyewe, aliyeishi na vigae miaka yote ile, hakumwona.

Mama Tusekile alishuka kizimbani bila kuomba ruhusa, akaenda hadi kwenye kioo, akaweka kidole chenye utomvu.

"Hiki hapa. Cheusi."

Kilikuwa kigae kimoja, kidogo, katikati ya weupe hafifu. Jaji aliamuru video irudishwe. Msichana alipofumba mdomo kigae kilitoweka. Alipocheka kilirudi, mahali pale pale. Wakairudia tena, na kila kicheko kilikuja nacho. Ukamuaji uliokula macho, pua na sura yote ya mtoto yule ulikuwa umeacha hicho.

"Fundi," alisema Jaji, akimtafuta Atuganile kwa macho. "Kwa nini mashine yako ilikiondoa?"

Atuganile alisimama. "Iliona ni uchafu, Mheshimiwa Jaji. Watoto niliowaonyesha mimi walikuwa watoto wa harusini. Hawakuwa na mapengo. Na vijana niliowaonyesha wengi wao walikuwa mdogo wangu. Kosa ni langu, si la mashine."

"Kwa hiyo mtu wa ghalani si mdogo wako?"

Ukumbi wote ulingoja, na Tupokigwe hatimaye alimtazama. Neno moja tu lilihitajika. Atuganile alimwona Ambakisye kizimbani, macho yamefinyika, anamsihi.

"Sijui," alisema. "Pasi haijui, na mimi sijui. Humo hamna uso, Mheshimiwa."

Mjane wa mlinzi alitoa kilio kilichowafanya watu watazame chini. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Picha iliyopigwa pasi aliitupa nje ya ushahidi, na kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa na kingine, akamwachia mshtakiwa. Akaamuru Pasi izimwe na kila ilichokinyoosha kirudishwe kilivyokuwa. Ambakisye alitoka kizimbani akapita mbele ya dada yake. Alisimama kidogo, akamshika bega, akaenda kwa watoto wake.

Karani alianza kuchomoa nyaya.

"Wewe, baba," Mama Tusekile alimwita. Alikuwa bado amesimama mbele ya kioo. "Ile yenye meno chukueni. Hii usiizime kwanza."

Karani alimtazama Jaji. Jaji aliishusha miwani ya kichwani, akashangaa kuikuta pale, akatikisa kichwa kukubali. Watu walikuwa wanatoka, viti vinakwaruza sakafu, na katikati ya vigae vya kahawia na bluu mtoto aliendelea kuimba, akafika pale anaposahau maneno, akacheka. Kigae cheusi kikatokea.

"Eeh," alisema mama yake. "Huyo."